Ludwig Krapf: Alikuja Kuwatafuta Waoromo

Neno la kusoma nyumbani wiki hii: Waebrania 11:8-16, kisha Yohana 12:24.

Jumapili iliyopita tulijifunza habari za Ibrahimu, jinsi alivyotoka kwao bila kujua anakoenda. Wiki hii kijarida chetu kinawaletea maisha ya mtumishi mwingine aliyetoka kwao akiwa kijana. Huyu yeye alijua vizuri sana anakotaka kwenda, ila hakufika.

Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulikutana na jina hili darasani, likiwa pamoja na la Rebmann, kwenye lile swali la mtihani: ni Mzungu gani wa kwanza kuuona Mlima Kenya? Ukiandika Krapf unapata alama yako, na mambo yanaishia hapo. Lakini Krapf hakuvuka bahari kuja kutazama mlima. Alikuja kuwatafuta Waoromo. Na hapa Isiolo hatuhitaji kufafanuliwa Waoromo ni nani. Waborana ni tawi la taifa hilo, na ndio tunaonunua kwao maziwa, tunaopanda nao gari moja kwenda mjini, tunaokaa nao foleni moja hospitalini. Zamani zile watu wa pwani na Wazungu waliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalitaki kwa sababu lina dharau ndani yake. Sisi tutasema Waoromo.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa mkulima. Akiwa na miaka kumi na moja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Kichapo kile kilimlaza kitandani miezi sita mizima. Mtoto amelala, hawezi kucheza, afanye nini? Alisoma Biblia. Alipopona akapelekwa shule ya mjini, na huko ndiko ramani ilipomkamata. Alikuwa akiangalia Afrika upande wa mashariki, sehemu za Adal na Somalia, akaona kwamba majina ni machache mno, karatasi ni tupu. Akashangaa: hapa pana watu au pana fisi tu? Akatafuta kitabu cha safari za James Bruce huko Uhabeshi, akakisoma. Tangu siku hizo ile nafasi tupu kwenye ramani haikumtoka moyoni.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Msidhani kwamba baada ya hapo alipanda moja kwa moja kama moshi. Miaka miwili baadaye aliacha chuo, akiwa na mashaka kama kweli ameitwa. Akarudi nyumbani, akasoma teolojia chuo kikuu, akamaliza 1834, akafanya kazi ya kanisa kwa muda. Wito ulimfuata huko huko. Rafiki yake mmoja mmisionari alizungumza naye, na kupitia kwake akajiunga na Church Missionary Society ya Uingereza, ile tunayoijua kwa kifupi kama CMS, iliyozaa kanisa la Kianglikana hapa kwetu. Mjerumani wa Kilutheri akatumwa na Waanglikana wa Uingereza. Wapentekoste bado hatukuwepo, la sivyo labda nasi tungegombania sifa.

Alifika Uhabeshi mwishoni mwa 1837, hajafikisha miaka 28. Huko Adwa viongozi wa kanisa la nchi hawakuwataka wamisionari, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Krapf akazunguka, akaingia kwa mlango mwingine, hadi kwa Sahle Selassie, mfalme wa Shewa, mwaka 1839. Kwa mfalme huyo ndipo alipokutana na Waoromo kwa macho yake, kwa maana walipakana na Shewa pande nyingi. Alijifunza lugha yao. Akaanza kutafsiri Injili kwa Kioromo wakati lugha hiyo karibu haijaandikwa na mtu yeyote. Moyoni mwake akaamini kwamba taifa hili kubwa likimpokea Kristo, Afrika yote ya upande huu itafikiwa kupitia wao.

Lakini tusimpake mafuta. Kule Shewa, Krapf alifuatana na jeshi la mfalme lilipokwenda kuwavamia Waoromo hao hao, kuchoma vijiji na kuchukua ng'ombe. Yeye hakupigana, na hakufurahia alichokiona. Lakini Mworomo aliyemwona Mzungu yule katikati ya majeshi ya adui yake, angeelewaje kwamba ana habari njema mfukoni? Sisi tunaokaa nchi ya wafugaji tunajua uvamizi wa mifugo ni kitu gani, na tunajua mtu hukumbukwa kwa kundi alilokuja nalo. Huu ni upande wa maisha yake ambao mahubiri mengi huuruka.

Mwaka 1842 aliondoka Shewa kwenda Misri kumchukua mchumba wake. Njiani mtawala mmoja alimkamata na kumnyang'anya karibu kila kitu, akafika pwani ya Massawa akiwa kama ombaomba. Mchumba huyo aliitwa Rosine Dietrich, binti wa Basel. Walioana Misri mwaka huo, wakageuza kurudi Shewa. Mlango ukakuta umefungwa: mfalme hataki tena wamisionari. Wakajaribu kupitia kaskazini, na huko jangwani Rosine akajifungua kabla ya wakati, chini ya mti, mbali na kijiji chochote. Mtoto wa kike. Hakuishi. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi. Baada ya siku chache ilibidi mama huyo apande mnyama waendelee na safari, maana watu waliokuwa wakiwasindikiza hawangengoja zaidi.

Hapo watu wengi tungesema Mungu amekataa, turudi. Krapf alichukua tena ile ramani. Kama Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, je, kusini? Alikuwa amesikia kwamba nchi yao inashuka sana hadi karibu na pwani ya Waswahili. Basi azunguke kwa bahari, ashukie Mombasa, apande kutoka huko. Novemba 1843 waliondoka Aden. Chombo cha kwanza kilivuja baharini hadi wakaokolewa na chombo kingine na kurudishwa walikotoka. Wakapanda tena. Januari 1844 walikuwa Unguja.

Mtawala wa pwani wakati huo alikuwa Seyyid Said, Mwarabu wa Oman, Mwislamu. Krapf akaenda kumweleza wazi nia yake. Sultani hakumfukuza. Alimpa barua kwa maliwali wake wote wa pwani, akiwaagiza wampokee vizuri mtu huyu mwema ambaye anataka kuwaleta watu kwa Mungu. Wapendwa, mahali tunapoishi sisi, msikiti na kanisa vinasikiana wakati wa ibada. Tukumbuke basi kwamba kibali cha kwanza cha mmisionari wa nyakati hizi katika nchi ambayo leo ni Kenya kiliandikwa na Mwislamu.

Mombasa waliyoikuta haikuwa kisiwa cha watu wasiojua kitu. Ulikuwa mji wa mawe na wa makuti, wenye misikiti ya kale, mashairi, mahakama ya kadhi, na biashara ya kwenda Arabuni na India. Ngome ya Yesu ilikuwa na askari Wabaluchi wa Sultani. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Sultani huyo awaondoe Wamazrui waliokuwa wakitawala pale, na vidonda vya siasa vilikuwa vibichi. Watu walikuwa na dini yao, waliijua, na hawakuona haja ya nyingine. Kijana wa Kijerumani na mkewe mjamzito walikuwa wageni mle kuliko tunavyoweza kufikiri: hakuna balozi wa kwao, hakuna duka la dawa, na barua kutoka nyumbani inachukua miezi mingi.

Alianza na lugha. Tarehe 8 Juni 1844 alikaa chini kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa mwenyewe, Sheikh Ali bin Mohiuddin, mtu wa asili ya Barawa, msomi. Kiswahili wakati huo kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Krapf akaamua kutumia herufi za Kilatini, hizi tunazosoma sasa hivi kwenye karatasi hii. Fikiria picha hiyo: kadhi na mmisionari meza moja, wakitafuta neno la Kiswahili la kila jambo katika habari za uumbaji. Nadhani walibishana sana. Lakini walifanya kazi.

Mwezi haukuisha vizuri tangu waanze. Mwanzoni mwa Julai Krapf alishikwa na homa. Siku zile hakuna aliyejua kwamba homa hii inaletwa na mbu. Walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Tarehe 6 Rosine akajifungua mtoto wa kike, salama. Tarehe 9 homa ikamshika naye. Mume kitanda kimoja, mke kitanda kingine, mtoto mchanga katikati, na hakuna daktari kisiwani. Krapf alikuwa dhaifu hivi kwamba kusogea tu hadi kwa mkewe ilikuwa kazi kubwa. Rosine alifariki tarehe 13 Julai. Mtoto akamfuata tarehe 15.

Kabla ya kufa Rosine alikuwa ameomba jambo moja. Asizikwe kisiwani, mjini, bali ng'ambo, bara, kando ya njia ambayo watu wa bara hupita. Alitaka kila apitaye alione kaburi aulize: huyu alifuata nini hapa? Krapf alifanya hivyo. Mwili ulivushwa maji ukazikwa upande wa Nyali, na mtoto akazikwa naye.

Barua aliyowaandikia wakubwa wake London baada ya hapo imenukuliwa sana, na sisi hatutairudia neno kwa neno. Kwa maana yake tu: aliwaambia kwamba sasa wana kaburi pweke kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kaburi hilo ni dalili kwamba vita vimeanza, kanisa huendelea juu ya makaburi ya watu wake, kwa hiyo wakati umefika wa kuigeukia Afrika kutoka mashariki. Mimi nikisoma hivyo sijui kama ningeweza kuandika. Wengine wamesema alikuwa mgumu wa moyo. Sikubaliani. Mtu aliyempa mtoto wake wa kwanza jina la Chozi si mgumu wa moyo. Ila alikuwa amekataa kuyahesabu machozi hayo kuwa jibu la Mungu kwamba kazi imekataliwa.

Alikaa peke yake miaka miwili. Alijifunza lugha, akatembea vijiji vya bara, akatafsiri. Kabla ya miaka hiyo miwili kuisha alikuwa ameshapitia Agano Jipya lote kwa Kiswahili. Juni 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani vilevile, mdogo kwake kwa miaka kumi. Wote wawili wakaugua homa kama kawaida. Agosti 25 mwaka huo wakahamia Rabai, juu ya vilima, kwa kibali cha wazee wa kaya, wakiwa wagonjwa bado, wakipokezana punda mmoja njiani kwa sababu hakuna aliyeweza kutembea mbali. Nyumba yao ilipokamilika, watu wachache walikuja kusikia. Wakasikia, wakaaga, wakaenda zao. Wazee wa Rabai walikuwa watu waungwana, waliwapenda wageni wao, waliuliza habari za Ulaya na za nguo na za ulinzi dhidi ya Wamasai. Injili waliisikiliza kwa heshima. Kubadilika, hapana.

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu ndipo maisha ya Krapf yanapotugusa sisi. Siku hizi tukituma mwinjilisti mahali, baada ya miezi sita tunamwuliza: wangapi wameokoka? Umepanda kanisa? Picha ziko wapi za kuweka kwenye simu? Akisema hakuna, sadaka inapungua, na watu wanaanza kunong'ona kwamba labda hana upako. Krapf alifika pwani 1844 na akaondoka 1853. Kwa miaka yote hiyo, waliompokea Kristo kwa kazi yake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Wa kwanza aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, mgonjwa, mtu ambaye katika kijiji hakuna aliyemtegemea kwa lolote. Krapf alikwenda kumfundisha, Mringe akasikiliza kama mtu mwenye kiu. Alibatizwa akiwa kitandani, akafa muda mfupi baadaye. Huyo ndiye tunda la kwanza: mlemavu mmoja, na hakuishi hata kuimba kwaya.

Rafiki wa Mringe, mtu wa Kambe aliyeitwa Abbe Gunja, naye alikuwa akifundishwa. Huyo aliendelea.

Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro. Krapf alikwenda Usambara kwa mfalme Kimweri. Mwishoni mwa 1849 akasafiri hadi Ukambani, Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika mbali. Kivoi ndiye aliyemwambia habari za mlima wenye kitu cheupe juu. Tarehe 3 Desemba 1849, kutoka Kitui, mawingu yalifunguka kidogo, Krapf akauona: vilele viwili, na theluji. Aliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutoka hapo nchi yetu ikapata jina. Wasomi wa London walimcheka. Theluji kwenye ikweta? Walisema ni mawe meupe au ni homa. Walichukua miaka mingi kukubali.

Sisi wa Burat tunautazama mlima huo huo kutoka upande wa pili, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na maji yetu yanatoka huko. Krapf aliutazama akiwa kusini-mashariki. Waborana na ndugu zao walikuwa kaskazini, nyuma ya mlima. Watu aliowatafuta tangu ujana walikuwa ng'ambo ya kile alichokuwa akikitazama, na hakuwahi kuzunguka.

Alijaribu tena. Mwaka 1851 alirudi Ukambani akitaka kufungua kituo. Alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Karibu na mto, wanyang'anyi waliwavamia. Krapf alifyatua bunduki hewani. Hakutaka kuua mtu. Kivoi aliuawa pamoja na watu wake, wengine wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake porini, bila chakula, bila mwenyeji, hajui njia. Kiu ilimpeleka mtoni licha ya hatari. Hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, basi alijaza mtutu wa bunduki na mfuko wa ngozi wa darubini yake. Mchana alijificha, usiku alitembea. Alitafuna majani, alifika hata kula baruti. Alipofika kwa watu wa Kivoi hakupata huruma aliyoitegemea. Walimwuliza kwa nini yuko hai na Kivoi amekufa; kama ni mtu wa Mungu, kwa nini hakumwokoa, na kama hakuweza, kwa nini hakufa naye? Alielewa kwamba maisha yake yako hatarini. Akatoroka usiku, na baada ya mateso mengi akafika Rabai, mahali ambapo walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa amekufa.

Kituo cha Ukambani kikafa kabla ya kuzaliwa. Miaka miwili baadaye afya yake ilikuwa imekwisha. Aliondoka pwani 1853, akiwa na miaka 43, akaenda kukaa Kornthal, karibu na Stuttgart. Rebmann alibaki Rabai. Alibaki miaka 29 kwa jumla, hadi alipopofuka macho, akarudi kwao kufa. Siku nyingine tutaleta habari zake, maana anastahili karatasi yake mwenyewe.

Kuna jambo moja la Krapf ambalo watu wa wakati wake hawakulipenda sana. Aliandika kwamba siku itakuja ambapo kanisa la Afrika litahitaji askofu Mwafrika na wachungaji Waafrika, tena kwa lazima. Mtu huyo huyo aliandika maneno makali na ya kuonea juu ya desturi za Wamijikenda na juu ya Uislamu wa watu waliomkarimu. Yote mawili yalitoka kwenye kalamu moja. Hatuwezi kuchukua moja tukaficha jingine.

Ujerumani alioa tena, akaandika kitabu cha safari zake, na hakuacha kuhangaika. Wamethodisti wa Uingereza walikisoma, wakamtafuta. Mwaka 1861, ameshapita hamsini, akafunga safari tena hadi Mombasa kuwaonyesha njia wamisionari wao vijana. Wakafungua Ribe, si mbali na Rabai. Nia yao ilikuwa nini? Kuwafikia Waoromo. Krapf alikuwa amewaambukiza. Homa ikamrudisha kwao tena. Aliyebaki ni Thomas Wakefield, na Wamethodisti hao baadaye walipanda hadi Golbanti, kwenye mto Tana, wakakaa na Waoromo wa huko. Mwaka 1886 mmisionari wao Houghton na mkewe waliuawa pale katika uvamizi. Ni Wamethodisti hao hao waliofika Meru mwaka 1912. Ukiona kanisa lao lilivyo kubwa Meru leo, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, ufuatilie uzi huo hadi mwisho wake na utamkuta Krapf.

Miaka yake ya uzeeni aliitumia kwenye maandiko ya Kioromo na kwenye kamusi ya Kiswahili. Kamusi hiyo ilitoka London 1882. Yeye hakuiona. Jioni ya tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani kwake kulala kama kawaida, na walipokuja kumwangalia walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakwenda. Alikuwa na miaka 71.

Biblia nzima ya Kioromo ilimaliziwa na Mworomo mwenyewe, Onesimos Nesib, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa Massawa mwaka 1870, bandari ile ile ambayo Krapf alifika akiwa ameporwa kila kitu. Alifanya kazi hiyo pamoja na dada mmoja, Aster Ganno, naye pia aliyetolewa utumwani, ambaye aliijua lugha ya nyumbani kwa kina kuliko wote. Ilichapwa 1899 huko St. Chrischona, jirani na Basel.

Kaburi la Rosine na mtoto bado liko upande wa Nyali, Mombasa, na pana mnara wa ukumbusho wa mume wake pale. Yeye mwenyewe alizikwa Kornthal. Wapendwa mtakaoshuka pwani kwa mkutano, kutoka mjini mnavuka daraja la Nyali. Si mbali, na mtu yeyote wa pale atawaonyesha.